Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar: dawa za kuku zimekuwa huria mno

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalaam alaykum. Mimi ni mfugaji wa kuku wa Chake Chake, Pemba. Nakuandikia kuhusu antibayotiki tunazowapa kuku wetu bila ya kuulizwa na mtu.

Ukifika dukani ukasema kuku wanaharisha, unapewa oksitetrasaiklini ya kutia kwenye maji. Mara nyingi huulizwi cheti cha daktari wa mifugo, wala huambiwi usubiri siku ngapi kabla ya kuchinja au kuuza mayai. Wapo wanaowatilia hata kuku wazima, eti kinga. Dawa ya namna hiyo huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, yaani wasiokufa tena kwa dawa hiyo. Salmonela na kampilobakta, bakteria wanaoharisha watu, ndio wa kuogopwa zaidi, maana kuku huwabeba bila ya kuonesha ugonjwa. Nyama ikikatwa, wanabaki kwenye ubao na kisu, na hapo hapo tunakatia kachumbari. Moto huwaua hata walio sugu, lakini kachumbari haipikwi.

Wenzetu wameshachukua hatua. Marekani iliondoa antibayotiki ya enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005, baada ya kampilobakta wanaougua nao watu kuzidi kuwa sugu kwa siprofloksasini, dawa ya watu ya ukoo huo huo. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo.

Sisi wenyewe tukiharisha tunakimbilia metronidazoli, ambayo haitibu salmonela. Wengi wangepona kwa maji ya ORS, na watoto kwa kuongezewa zinki. Antibayotiki inamhusu yule ambaye bakteria wameshaingia kwenye damu, mara nyingi mtoto mchanga au mzee. Huyo akikuta dawa haifanyi kazi tena, tutamwambia nini?

Mheshimiwa, kwa kushirikiana na wenzenu wa mifugo, simamieni cheti kiulizwe dukani. Na kila mwaka chukueni sampuli za kuku na mayai katika masoko ya Chake, Wete na Mkoani, zipimwe ni dawa zipi bado zinafanya kazi. Pale Wawi tuna Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri tangu mwaka 2000. Hapana haja ya kuanzia sifuri. Matokeo yasomwe redioni kwa Kiswahili, tuyasikie wafugaji na wauza dawa.

Najua masharti haya yatatuongezea gharama sisi wafugaji. Mimi nipo tayari kuzibeba, na banda langu liko wazi kwa wakaguzi wako siku yoyote.

Wako,
Mfugaji wa kuku, Chake Chake