Mwembe Kinyonga sio mwembe wa vinyonga

Ndugu Mhariri,

Mimi msomaji wenu wa Lindi mjini, naomba kanafasi kadogo. Jumamosi nilimpeleka mwanangu wa darasa la tano Kilwa Kivinje, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, maana mambo ya mkoloni anayajua kwa kukariri tu. Tukapanda basi la alfajiri la kwenda Dar, konda nikamwambia atushushe Nangurukuru, pale njia panda ya kuingia Kivinje, akaitikia kabisa "usijali bosi", kumbe kasinzia, tumeshtuka tumeshapitilizwa, ikabidi turudi kwa bodaboda jua linachoma. Hayo tuyaache.

Sasa tumefika Kivinje namwambia dogo twende Mwembe Kinyonga, akafurahi huyo mbio anatangulia, mi nikajua kaipenda historia kumbe mwenzangu anatafuta vinyonga! Alijua ni mwembe umejaa vinyonga kwenye matawi. Kuna mzee alikuwa anashona wavu pale jirani, alicheka mpaka akauweka wavu chini, halafu akamwambia taratibu, mjukuu wangu hapa ni pa kunyongea, wamenyongwa watu hapa. Hassan bin Omari Makunganya na wenzake, 1895, Mjerumani ndo kawanyonga, miaka 10 kabla ya Majimaji kulipuka milima ya Matumbi, humuhumu Kilwa.

Dogo kimya. Baadae akauliza, kwani alifanya nini? Mzee akasema alikataa kutawaliwa, basi. Kiukweli habari ni ndefu kuliko hivyo, Makunganya alikuwa mtu wa misafara ya biashara na Kivinje ya zamani ilinenepa kwa watumwa walioswagwa kwa miguu kutoka huko Ziwa Nyasa, wakifika pwani wanapakiwa majahazini kwenda Unguja. Nilitaka kumwambia nikaona nisubiri kidogo, kwa siku moja kunyongwa kulitosha.

Halafu hapohapo mjini, sio mbali na lile boma la Mjerumani linaloangalia bahari, kuna mnara wa Wajerumani wawili wa ile Kampuni yao ya Afrika Mashariki waliouawa 1888 watu wa pwani walipowachachamalia. Dogo akauliza, na hawa nao wamejengewa? Nikamnunulia samaki wa kukaanga.

Ombi langu mhariri, tumeni mwandishi Kivinje akae hata siku mbili na wazee kama yule, awarekodi, maana yale aliyotusimulia kwa nusu saa sijayaona kwenye daftari la mwanangu. Na walimu wa huku kusini, kila mwaka watoto wanachangishwa hela za ziara ya Dar, jamani si muanzie hapa karibu, nauli yenyewe haifiki hata nusu.

Na mwalimu wa dogo kama unasoma gazeti hili, ukikuta kaandika "Mwembe Kunyonga" usimkate maksi, kasahihishwa na mzee mwenyewe.

Baba Mwanafunzi,
Lindi mjini