Wi-Fi moja, vyumba sita: kwa nini inakwama, na tunavyoigawa

Bi mkubwa mmoja wa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba, alitupigia simu asubuhi sisi mafundi wa mtandao. "Mwanangu, hawa wapangaji wananimalizia Wi-Fi yangu. Njoo unibadilishie neno la siri, kila mtu akajinunulie bando lake."

Tukaenda. Nyumba yenyewe ya Kiswahili kabisa: vyumba vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati, uani jiko na choo. Ruta ilikuwa chumba cha mbele, juu ya kabati la vyombo, nyuma ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma isishike vumbi. Kifurushi chake ni cha mwezi, 20 Mbps (yaani kasi ya megabiti 20 kwa sekunde), hakina kikomo cha GB. Wapangaji wanamchangia kila mwisho wa mwezi, na kila usiku wanagombana.

Lile neno "wananimalizia" tunalisikia Makorora, Chumbageni, Mwanzange, kila mahali, na ndilo linalowafanya watu watumie pesa vibaya. Bando la simu ni pipa la maji. Ukimfungulia jirani hotspot akachota GB 2, pipa limepungua GB 2, hakuna ubishi. Ila kifurushi cha kasi kisicho na kikomo cha GB ni mfereji. Hakina akiba. Kinatoa 20 Mbps sekunde hii, na usipozitumia sekunde hii zimekwenda zake, huwezi kuziweka ukazitumia jioni. Bi mkubwa akilala saa tatu, mfereji wake unamwagika bure mpaka alfajiri. Kijana wa chumba cha nyuma akipakua masomo yake ya chuo saa nane usiku, hajamwibia mtu kitu.

Basi kwa nini usiku wa saa mbili kila kitu kinazunguka tu? Kwa sababu saa hiyo wote sita wamerudi, na hakuna aliyeiambia ruta igawe vipi. Ruta ya kawaida inampa anayevuta kwa nguvu. Mmoja akianza kushusha filamu kwa programu inayofungua njia kumi kwa mpigo, anavuta kama watu kumi, na aliye kwenye simu ya video na mumewe Muscat anabaki na picha iliyoganda mdomo wazi.

Dawa ambayo wengi wanaikimbilia ni kupanda kifurushi kikubwa zaidi. Ukinunua 40 Mbps bila kugawa, yule wa filamu atavuta 40. Utakuwa umemnunulia yeye.

Tulichofanya sisi ni kuongeza ruta ndogo ya MikroTik (ni kampuni ya Latvia, vifaa vyake mafundi wengi wanavipenda) kati ya modemu (kifaa cha mtoa huduma kinacholeta intaneti nyumbani) na Wi-Fi. Ndani yake kila chumba kinaandikiwa namba mbili: kima anachohakikishiwa, na ukomo anaoweza kufikia. Kima tuliweka 3 Mbps, inayotosha video ya 720p, yaani picha safi ya kawaida. Ukomo tuliweka 18. Maana yake, wote sita wakiwa hewani kila mmoja ana 3 zake na hakuna wa kumnyang'anya. Wawili wakiwa wamelala, zao zinaazimwa na walio macho. Akiwa macho mmoja tu, anazipata zote 18. Mwenye chumba akirudi na kuwasha simu, ruta inamrudishia haki yake papo hapo, bila kugongeana milango.

Sasa hizo 18. Mpangaji mmoja aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza: "Fundi, tunalipia 20, hizo mbili mmepeleka wapi?" Hatujazipeleka popote. Ruta yetu ikiruhusu 20 kamili au zaidi, foleni haijipangi kwetu, inajipanga ndani ya modemu ya mtoa huduma, na kule hatuna amri. Modemu inapokea kila kitu, inakirundika, na sauti ya simu yako inakaa nyuma ya filamu ya mwenzio ikisubiri. Ukipunguza kidogo chini ya kasi halisi ya laini, foleni inahamia mahali unapoweza kuisimamia. Unapoteza 2 ili 18 zilizobaki ziwe na adabu. Usiku ule tulimwomba apige simu ya video huku chumba cha pili kikishusha filamu. Haikukatika. Hakuuliza tena habari ya zile mbili.

Tuseme na kosa letu, maana limetufundisha. Nyumba ya kwanza tuliyowahi kuifanyia kazi hii tuligawa kama mkate: kila chumba 3 Mbps, basi, hakuna kuazimana. Tukaona tumetenda haki. Baada ya siku chache tukaitwa. Saa nane usiku kuna mtu mmoja tu macho, anatambaa na 3, na 15 zimekaa bure. Tulirudi tukarekebisha bila malipo. Mgawo usioruhusu kuazimana unapoteza kasi kuliko ugomvi wenyewe.

Kuna jambo la pili ambalo namba za ruta haziliponyi, nalo ni hewa. Kwenye Wi-Fi za kawaida, vifaa vilivyo chaneli moja, yaani njia moja ya hewani, vinasema kwa zamu, kama barazani: mmoja akisema wengine wanangoja. Simu iliyo mbali, nyuma ya kuta tatu, inasema polepole, kwa hiyo zamu yake inakuwa ndefu, na anayengoja ni huyu aliyekaa kando ya ruta. Ndiyo maana chumba cha nyuma kikiwa na mawimbi hafifu, chumba cha mbele nacho kinaumia. Kwa bi mkubwa tulipima: kando ya ruta 19 Mbps, chumba cha mwisho 2.

Wapo wanaoona dawa ni kila chumba kinunue kiruta chake. Hiyo sasa ni baraza moja yenye wasemaji sita, kila mmoja na kipaza sauti. Kwenye mawimbi ya 2.4 GHz chaneli ambazo hazikanyagani ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11. Ukijumlisha na za majirani, kelele tupu. Mawimbi ya 5 GHz yana nafasi zaidi na kasi zaidi, ila yanachoka haraka ukutani, na nyumba za zamani za mjini zenye kuta nene za mawe zinayameza kabisa. Ripita nazo, vile virefusha mawimbi vya kuchomeka kwenye soketi, nyingi zinapokea na kutoa kwa redio hiyo hiyo, hivyo kasi inashuka karibu nusu. Tunaziuza kwa anayezitaka, ila tunamwambia kwanza.

Sisi tulipitisha waya wa mtandao darini mpaka uani (unafika mita 100 bila shida, nyumba haina hata 20), tukafunga kisambazaji cha pili huko nyuma, cha mbele chaneli ya 1, cha nyuma chaneli ya 11. Na ruta tukaitoa nyuma ya televisheni, maana bati na vioo haviipi njia. Kitambaa bi mkubwa alikataa kukitupa. Amekitandika chini yake.

Wanaogawana kwa hotspot ya simu, kumbukeni ni pipa. Video ya 3 Mbps kwa saa moja inakula karibu GB 1.35. Laptopu ya mgeni ndiyo hatari zaidi: inaona Wi-Fi, inadhani ni ya bure, inaanza kupakua masasisho ya Windows kimya kimya. Mwambie aweke alama kwamba mtandao huo una kikomo kabla hujampa neno la siri. Na bando likikaribia kuisha muda na bado limejaa, angalia kwenye menyu ya mtandao wako, kuna wanaoruhusu kuhamishia mtu mwingine MB zilizobaki.

Tunalosimama nalo bila mzaha ni hili. Kuchangia gharama na wapangaji wa nyumba yako ni jambo moja, na hata hapo soma kwanza mkataba wa mtoa huduma wako. Kuwauzia wapita njia vocha za Wi-Fi ni biashara ya mawasiliano, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inaitaka iwe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Tunaombwa kufunga mifumo hiyo kimagendo na tunakataa. Laini imesajiliwa kwa jina lako, na likitokea la kutokea mtandaoni anayetafutwa kwanza ni wewe. Kwa hiyo kila chumba tunakipa neno la siri lake, vifaa vya chumba kimoja havioni vya chumba kingine, na neno la siri la kuingilia mipangilio ya ruta anabaki nalo mwenye nyumba, kwenye karatasi, ndani ya kanga.

Ukija dukani, piga picha karatasi iliyobandikwa chini ya ruta yako, ufiche namba ya siri. Pima kasi mara mbili, saa nne asubuhi na saa mbili usiku, ukiwa kando ya ruta na ukiwa chumba cha mwisho. Hizo namba nne zinatuonyesha kama tatizo ni mgawo, hewa, au laini yenyewe. Ikiwa ni laini, hatutakuuzia kitu, tutakuandikia cha kumwambia mtoa huduma wako.