Wastaafu si wazembe, matangazo hayaeleweki

Ndugu Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Habari yenu ya wiki iliyopita, ya wastaafu waliofurika kwenye uhakiki siku ya mwisho, imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu alimpa nafasi ofisa aseme kwamba watu wamezoea kungoja dakika za mwisho, habari ikaishia hapo. Hakuna aliyeuliza kama tangazo lenyewe lilieleweka.

Matangazo ya namna hiyo nayajua. Mama yangu alifundisha shule ya msingi kwa miaka 31, kwa hiyo kusoma anajua. Mwaka jana aliletewa tangazo la uhakiki. Sentensi ya kwanza peke yake ilikula mistari saba: wastaafu wote ambao taarifa zao hazijahuishwa kwa mujibu wa kifungu tajwa, isipokuwa wanaoangukia aya ya 4(b) ya waraka uliotangulia, wawasilishe vielelezo husika ndani ya siku 30 tangu tarehe ya tangazo. Waraka uliotangulia hatukuwahi kuuona. Tarehe ilikuwa chini kabisa, imegongewa muhuri juu yake, hujui ni 3 au ni 8. Mama alivaa miwani, akasoma mara tatu, akakwama kwenye "hazijahuishwa". Akaniuliza, "Kwani huko wameshaniandika marehemu?" Tukakubaliana kwamba halimhusu, maana pensheni yake ilikuwa inaingia kila mwezi bila shida. Kumbe lilimhusu. Miezi miwili akaunti haikuingia kitu, mwanamke aliyejitegemea maisha yake yote akawa ananiomba hela ya dawa ya presha huku anatazama pembeni. Tulipokwenda ofisini, kijana wa dirishani, mwenye adabu zake, alitueleza kwa pumzi moja: "Mama, kila mstaafu alitakiwa alete kitambulisho na kadi ya benki kabla ya tarehe 15." Maneno 13, ukiacha hilo "Mama". Ikiwa yeye anaweza kuyasema, aliyetia saini lile tangazo alishindwa nini kuyaandika?

Nitaambiwa ni lugha ya sheria. Lakini kifungu kinaweza kukaa mwisho wa ukurasa kwa anayekihitaji, na juu kikakaa kile ambacho mtu anatakiwa kufanya. Wengine wameshaliwekea jambo hili sheria: Sweden mwaka 2009 iliandika kwamba lugha ya ofisi za umma iwe rahisi na ya kueleweka, Marekani ikafuata mwaka 2010 kwa taasisi za serikali kuu. Uingereza ilianza kwa hasira ya raia. Mwaka 1979 Chrissie Maher alizichana fomu za serikali hadharani, karibu na Bunge, kwa sababu watu walikuwa wanakosa haki zao kwa kutozielewa. Namwelewa kabisa mama yule.

Na ninyi gazeti hamjajivua lawama. Matangazo haya mnayachapa kama yalivyoletwa, kwa herufi ndogo kama mchanga, ukurasa wa ndani ambao mzee hawezi kuusoma bila kwenda dirishani kwenye mwanga. Najua ni matangazo ya kulipiwa. Lakini mna waandishi wanaoweza kuinua simu, wakauliza tangazo linamtaka nani afanye nini, wakaliandikia mistari minne pembeni yake. Mechi ya jana mnatuchambulia ukurasa mzima.

Ombi langu kwa ofisi zinazotoa matangazo: andikeni siku ya mwisho kwa tarehe kamili, msituhesabishe siku. Kabla ya kusaini, msomeeni mstaafu mmoja asiyefanya kazi hapo, kisha mwulizeni kesho yake atafanya nini. Akijibu vibaya, liandikeni upya. Na aliyesaini akae dirishani siku tatu za kwanza, awajibu watu mwenyewe.

Karatasi ile bado ninayo. Mama ameipitia kwa kalamu nyekundu, kama daftari la mwanafunzi, akaandika pembeni yale maneno 13 kwa mwandiko wake wa ubaoni. Mkikubali kuichapa, nitaileta ofisini kwenu mwenyewe.

Mtoto wa mwalimu mstaafu