Kiambatisho Kikikataa Kufunguka, Usimlaumu Aliyekituma

"Fundi, hii Outlook ya kusomea baruapepe imenikataa."

Mama wa uhasibu katika duka moja la vipuri kule Kirinyaga Road, Nairobi, alitupigia asubuhi ya tarehe 19, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha VAT. Barua zilikuwa zinaingia vizuri. Picha zinafunguka, taarifa za benki zinafunguka. Ankara za msambazaji mmoja tu ndizo zilizokuwa zimegoma. Kila akibofya anaambiwa faili haiwezi kuundwa, akague ruhusa za folda. Alikuwa ameshampigia msambazaji mara tatu azitume upya, na msambazaji, kwa upole ulioanza kuisha, akazituma mara tatu.

Nikamuuliza: hizo ankara zinaitwaje?

Akanyamaza kidogo, akasoma. "Zote zinaitwa Invoice.pdf."

Nikamwambia asimpigie tena mtu wa watu, nakuja.

Tunaletewa shida hii hapa dukani mara kwa mara, na wengi wanaoileta wameshaambiwa mahali pengine kwamba mashine ina virusi au inahitaji kupigwa Windows upya. Kupiga Windows upya kutaiondoa, ndiyo, kama vile kubomoa nyumba kunavyoondoa panya. Ila mara nyingi kilichoharibika ni folda moja tu, nayo imefichwa ndani kiasi kwamba mwenye kompyuta anaweza kumaliza miaka bila kujua ipo.

Ukibofya kiambatisho, Outlook haikifungui kikiwa ndani ya barua. Inakitoa, inaweka nakala kwenye folda yake ya siri, kisha inaikabidhi nakala hiyo kwa programu ya kusomea PDF au kwa Excel. Unachokisoma ni fotokopi. Barua yenyewe haijaguswa. Ikija faili nyingine yenye jina lilelile na ile ya kwanza bado ipo, Outlook inaongeza namba mwishoni: Invoice (1).pdf, Invoice (2).pdf, na kuendelea. Ikifika 99 inakwama. Haina mia. Hapo ndipo unapoona ule ujumbe wa ruhusa za folda, ambao unakupeleka kabisa upande usio wako, maana ruhusa hazina kosa lolote.

Ndiyo sababu kutuma upya hakukumsaidia yule mama. Ankara ilitumwa mara tatu ikiwa na jina lilelile, ikagonga mlango uleule. Msambazaji angebadilisha jina tu, akaiita kwa namba ya ankara au jina la mteja, ingefunguka papo hapo. Kama umebanwa na muda, anza na hilo.

Lakini hizo nakala 99 zilitoka wapi? Kwa kawaida ukifunga kiambatisho, kisha ukafunga Outlook, inazifuta yenyewe. Haiwezi kufuta iliyo wazi. Ukifunga Outlook huku PDF bado iko kwenye skrini, ile nakala inabaki. Stima ikipotea ghafla, inabaki. Ukizima mashine kwa kubana kitufe kwa sababu matatu ya mwisho inaondoka, inabaki. Ofisi ile haikuwa na UPS, ile betri ya kushikilia mashine stima ikipotea, na mama wa watu ana mazoea ya kuacha ankara kumi wazi hadi jioni. Nilipoifungua folda yake nilikuta ankara za zaidi ya mwaka mzima zimejipanga kwa namba kama watu kwenye foleni ya benki.

Aina ya pili ya shida hii ni mbaya zaidi, na hii husababishwa na sisi mafundi wenyewe.

Kompyuta nyingi zinazouzwa hapa mjini ni zile zilizotumika ng'ambo, zikasafishwa, zikatiwa diski ndogo ya SSD. Diski C inajaa upesi. Fundi anataka kupunguza mzigo, basi folda ya muda ya Windows, ambamo programu huweka faili zao za kupita, anaihamishia kwenye diski D, au kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwa waya. Mashine inapumua, mteja anafurahi, fundi analipwa. Miezi sita baadaye ile diski ya nje inabebwa nyumbani, au diski D inakufa, au inachomekwa upya na kupewa herufi E. Windows bado inatafuta folda mahali ambapo hapapo tena.

Dalili zake hazifanani na zile za kwanza. Hapa hakuna kuchagua jina la faili. Programu kadhaa zinalalamika pamoja. Word inasema haiwezi kuunda faili ya kazi. Thunderbird, programu nyingine ya baruapepe, inakataa kutuma barua, inakuambia haiwezi kufungua faili ya muda, kwa kuwa kabla ya kutuma huiandika barua yako pamoja na viambatisho vyake katika folda hiyo. Programu mpya unazojaribu kuweka zinakufa njiani. Mteja anahesabu matatizo manne, kumbe ni moja.

Kulipima ni kazi ya dakika moja. Shikilia kitufe cha Windows, bonyeza R, andika %temp% kisha Enter. Folda ikifunguka, imejaa faili za majina ya ajabu ajabu, njia ni sahihi. Ukiambiwa mahali hapo hapapatikani, umempata mchawi. Rudi kwenye kisanduku kilekile, andika hivi bila kukosea herufi:

rundll32 sysdm.cpl,EditEnvironmentVariables

Litafunguka dirisha lenye sehemu mbili. Ya juu ni ya mtumiaji. Tafuta TEMP na TMP, ndizo zinazoiambia Windows folda ya muda iko wapi, na zote mbili zisomeke %USERPROFILE%\AppData\Local\Temp. Nasema zote mbili kwa sababu Windows huanza kuuliza TMP ndipo iende kwa TEMP, na nimeshaona mashine ambayo fundi alirekebisha TEMP peke yake, akaondoka akiwa na uhakika kwamba amemaliza. Kisha toka kwenye akaunti yako na uingie tena, maana programu zilizokuwa wazi bado zinakumbuka njia ya zamani.

Mara chache utakuta njia iko sawa na folda imejaa tu. Programu nyingi huomba Windows iwabunie jina la faili ya muda, na utaratibu huo una nafasi ya majina 65,535 kwa kila kiambishi, yaani zile herufi za mwanzo wa jina. Ikijaa imejaa. Futa faili zilizomo, zile zinazokataa kufutika zinatumika, ziache.

Sasa turudi kwa ile folda ya Outlook. Kwenye Windows 10 na 11 huwa ndani ya %localappdata%\Microsoft\Windows\INetCache\Content.Outlook, na humo kuna folda nyingine yenye jina la herufi na tarakimu zisizo na maana. Ibandike njia hiyo kwenye kisanduku kilekile cha R. Funga Outlook kwanza.

Na hapa nakuomba usiwe na haraka.

Kuna kijana wa ofisi moja Industrial Area aliyetuletea laptop akiwa karibu kulia. Alipokea orodha ya mishahara kwa baruapepe, akaifungua palepale, akafanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi, kila baada ya dakika chache anahifadhi kwa Ctrl na S. Jioni akafunga. Asubuhi akaifungua ile barua: orodha ni ileile ya jana, haina hata badiliko moja. Alidhani kompyuta imemdanganya. Haikumdanganya, kila alipohifadhi, ilihifadhi kwenye fotokopi. Alikuwa na Office 2010. Matoleo mapya humfungulia mtu kiambatisho kwa kusoma tu na kumlazimisha achague mahali pa kuhifadhi, ila zile za zamani bado ziko ofisi nyingi.

Kazi yake tuliikuta ndani ya Content.Outlook, nzima, na saa ya mwisho ya kuhifadhiwa ni 9:58 alasiri. Angetangulia kwa mtu mwenye mkono mwepesi, aliyezoea kufuta kila kitu chenye jina la muda, ingekuwa imekwenda. Kwa hiyo kabla hujafuta, panga faili kwa tarehe, tazama zile za karibuni, na chochote kinachofanana na kazi yako kinakili kwenye folda ya Nyaraka. Ukishanakili, futa zilizobaki. Ankara namba 100 itafunguka.

Ikiwa folda haionekani kabisa mahali nilipotaja, huenda Outlook imeelekezwa kwingine. Anwani yake imeandikwa kwenye rejista ya Windows, daftari lake la mipangilio. Andika regedit kwenye kisanduku cha R ili uifungue, ushuke hadi HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\Security, utafute mstari unaoitwa OutlookSecureTempFolder. Hiyo 16.0 ni ya Office 2016, 2019, 2021 na Microsoft 365, 15.0 ni ya 2013, 14.0 ni ya 2010. Usitafute 13, Microsoft waliiruka. Kama mstari unataja diski au folda isiyokuwepo, funga Outlook na ufute mstari huo mmoja tu. Ukifungua kiambatisho tena, Outlook itajitengenezea folda mpya na kuandika anwani yake upya. Ukiwa ndani ya regedit usiguse kingine chochote. Na kama mkono unatetemeka, toka tu, utuletee. Si jambo la aibu.

Nina neno lingine kuhusu folda hii, hasa kwa wenye ofisi. Wakati wa kuuza kompyuta za zamani watu hufuta deskitopu na Nyaraka, wakasema iko safi. Mimi nimenunua mashine namna hiyo na kukuta humo nakala za vitambulisho, PIN za KRA na hati za malipo za wafanyakazi ambao hata hawajui ofisi yao iliuza kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haibagui kati ya faili uliyoiona na ile uliyoisahau. Ukiuza, diski ifutwe yote.

Wanaosoma baruapepe kwenye kivinjari peke yake, Gmail kwa mfano, wanaweza kuruka haya yote ya Outlook. Kwao kiambatisho kikipakuliwa hushuka kwenye folda ya vipakuliwa na kukaa hapo hadi kiondolewe kwa mkono, na hiyo nayo hujaa, lakini angalau inaonekana.

Sisi tuko upande wa Luthuli Avenue, Jumatatu hadi Jumamosi. Kuangalia ni bure. Ikiwa ni folda tu, mara nyingi unasubiri umekaa, chai haijapoa. Ikiwa ofisi ina mashine kadhaa tunakuja sisi, tunapanga Outlook, tunarudisha TEMP na TMP mahali pake, na tunamwonyesha karani mmoja namna ya kukagua mwenyewe ili asitupigie tarehe 19. Yule mama wa Kirinyaga Road siku hizi anakagua yake kila Ijumaa, na msambazaji wake ameanza kuandika namba ya ankara kwenye jina la faili, baada ya kuombwa mara nne.

Mkija na laptop, njooni na chaja. Wengi huisahau, na zetu si za kila aina.