Atieno, ile namba ya mahindi haigawanyiki

Atieno mwanangu, uko poa? Huku Kibuye tuko salama, mvua ilinyesha juzi magunia mawili yakalowa lakini nimeyaanika yamekauka. Nakuandikia juu ya lile swali uliniuliza midterm nikakosa jibu, hadi leo halijanitoka kichwani.

Si unakumbuka tuliomba watu wa boda bodi yao ya drafti tukapanga mahindi, punje moja mraba wa kwanza, mbili wa pili, nne, nane, tukizidisha hivyo hivyo, na gorogoro nzima ikaisha kabla mraba wa 13 kujaa. Ukatoa simu ukajumlisha mpaka mraba wa 31 ukapata 2,147,483,647. Alafu ukaniuliza, mama, hii inagawanyika?

Haigawanyiki. Ni namba tasa, ile nyinyi mnaita praimu, inagawanyika kwa moja na yenyewe tu, na aliyethibitisha ni Leonhard Euler mwaka wa 1772, mzee wa hesabu ambaye macho yalikuwa karibu yamezima kabisa, na kalkuleta hakuna. Yaani hapo nilinyamaza kidogo.

Kujaribu kila namba ungefika 46,340, maana 46,341 mara yenyewe inaipita namba yetu, nani ataweza? Lakini kuna njia ya mkato ya Mfaransa mmoja, Fermat, na hii ndiyo nataka uishike vizuri. Kwa sababu miraba ni 31 na 31 yenyewe ni tasa, namba tasa yoyote inayoweza kuigawanya namba yetu, hiyo yenyewe ukiigawanya kwa 62, yaani 31 mara mbili, lazima ibaki moja. Kwa hivyo unaruka 62 kila mara, 63, 125, 187, 249, hizo zote si tasa unaziacha, ya kwanza ya maana ni 311. Nimegawanya namba yetu kwa 311 kwa mkono nyuma ya kartoni ya sabuni, wateja wakiningoja, ikabaki 35. Nikajaribu 373, ikabaki 303.

Na usidhani kila mara inakuwa tasa. Miraba 11 inatoa 2,047, na hiyo ni 23 mara 89. Sasa angalia, 23 ukigawanya kwa 22 inabaki moja, 89 pia inabaki moja, njia ni ile ile! Hapo ndipo niliamini kabisa.

Kitu kingine, kompyuta nyingi za zamani zinahesabu sekunde kutoka mwanzo wa 1970 na haziwezi kupita hiyo namba yetu, zitaifikia 19 Januari 2038, kwetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, wewe ukiwa mtu mzima kazini.

Kartoni nimeiweka chini ya mizani, usije ukaitupa ukifunga shule. Baada ya 373 zinazofuata si tasa mpaka 683, hiyo sijaigusa, nimekuachia.

Mama yako