Barua ya wazi kwa vijana mnaoandaa sera za biashara na ubunifu

Wanangu,

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia katika ofisi za umma, nikisoma na kuandika nyaraka kama hizo mlizonazo mezani sasa. Nawaandikia kwa sababu ya kosa ambalo sisi tuliowatangulia tulilirudia mara nyingi, nami nisingependa mlirithi: kila wizara ilitunga sera nzuri kivyake, na hakuna aliyekaa kumtazama mjasiriamali mmoja akizipitia zote.

Niliwahi kumfuatilia mmoja wao, kijana aliyebuni kifaa cha kupima unyevu wa nafaka ghalani. Alipata ruzuku ya utafiti, lakini vipuri alivyoagiza vikatozwa ushuru wa forodha mkubwa kuliko ule wa kifaa kamili kutoka nje. Alipokamilisha kazi, mamlaka ya viwango haikuwa na kigezo cha kukipimia, akangoja miezi. Hatimaye ghala la umma lilitangaza zabuni ya vifaa vya aina hiyo hiyo, na sharti la kwanza likawa hesabu zilizokaguliwa za miaka 3, ilhali kampuni yake haikuwa imetimiza hata miaka 2. Nakumbuka alivyoikunja karatasi ya zabuni mara nne, akaitia mfukoni bila kusema neno. Serikali ilikuwa imegharamia kitu ambacho kanuni zake yenyewe ziliikataza kukinunua.

Ndiyo maana nawasihi muanze na ununuzi wa umma, ambao watunga sera wengi huuachia wahasibu. Kampuni changa huhitaji mteja wa kwanza kuliko inavyohitaji sifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chipu za kielektroniki zilikuwa ghali mno kwa soko la kawaida. Jeshi la Marekani na mpango wa nchi hiyo wa safari za anga za juu ndio waliozinunua, na kadiri zilivyozalishwa kwa wingi ndivyo bei ilivyoshuka hadi viwanda vingine vikazimudu. Mwaka 1982 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyozitaka idara zenye bajeti kubwa za utafiti zitenge sehemu kwa ajili ya kampuni ndogo, kuanzia kulijaribu wazo hadi kulikuza, ili hatimaye bidhaa iingie sokoni, serikali yenyewe ikiwa miongoni mwa wanunuzi.

Kuhusu kodi nitasema machache. Nafuu inayokatwa kwenye kodi ya faida haimfai asiyekuwa bado na faida, na wabunifu wengi wako hapo. Uingereza ililiona hilo mwaka 2000, ikaruhusu kampuni ndogo zenye hasara zilipwe fedha taslimu kwa sehemu ya gharama zao za utafiti.

Jambo linalonigusa zaidi ni mpangilio wa hatua. Taiwan ilianzisha taasisi ya utafiti wa viwanda, ITRI, mwaka 1973, na mwaka 1980 ikafungua eneo maalumu la viwanda vya teknolojia la Hsinchu. Mwaka 1987 ilipozaliwa TSMC, kampuni ya kutengeneza chipu, serikali ilichangia karibu nusu ya mtaji, na kampuni ya Philips ya Uholanzi ikaingia kama mbia. Wahandisi walikuwa wameshaandaliwa, eneo lilikuwepo, na fedha zilifika wakati kulikuwa na kitu cha kuzipokea. Mtaji huo ungetangulia kwa miaka 10, nadhani ungepotea.

Basi kabla rasimu yenu haijapelekwa kutiwa saini, chagueni kampuni moja changa ya kweli, mwiteni mwenye nayo, kisha ofisa wa kodi, wa forodha, wa viwango, wa hataza (yaani haki za uvumbuzi) na wa ununuzi waketi naye meza moja, wapitie safari yake kuanzia wazo hadi malipo ya kwanza. Kila panapokwama, iandikeni ofisi inayohusika na tarehe ya kuondoa kikwazo, na karatasi hiyo iambatanishwe na rasimu.

Ni mimi mzee wenu,
Mtumishi wa umma mstaafu