Ushauri Uje Kabla ya Kipimo cha Jeni

Mhariri,

Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapa Jinja, na ugonjwa wake tuliuona kwanza kwenye tundu la sindano: uzi ulimshinda, kisha vifungo vya shati lake mwenyewe, kisha nyama ya mkono ikawa inachezacheza chini ya ngozi hata akiwa amelala. Jamaa walisema amerogwa, kwa kuwa shangazi naye alikwisha vivyo hivyo. Ulipita zaidi ya mwaka kabla ya daktari kututajia ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli.

Watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba, katika baadhi ya koo, maradhi haya hayaanzi siku mkono unapolegea. Watu waliorithi hitilafu ya jeni ya C9orf72, iliyogunduliwa mwaka 2011, wamepigwa picha za ubongo wakiwa bado wazima, wengine hawajafika miaka 40, na sehemu kama thalamasi zikaonekana zimesinyaa kuliko za ndugu zao wasioirithi. Hata hivyo, nawaomba waandishi wetu waseme wazi kwamba picha hiyo si hukumu, kwani wapo wanaobeba hitilafu hiyo wakafika uzeeni bila kuugua, na hakuna daktari awezaye kuitazama akakutajia mwaka. Tena wagonjwa wapatao 9 kati ya 10 hawana aliyewahi kuugua katika ukoo wao.

Kwa sisi tulio na historia hiyo, suala ni zito. Mtoto wa mbebaji ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi hitilafu. Dawa ya tofersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ni ya wagonjwa wa maradhi haya haya wenye hitilafu ya jeni nyingine, SOD1, na inajaribiwa hata kwa ambao hawajaona dalili. Lakini tafiti nyingi za aina hii zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Uganda ilijifunza mapema, kwa Ukimwi, kumketisha mtu na mshauri kabla ya kumtoa damu. Naiomba Wizara ya Afya iandae washauri wa namna hiyo kwa magonjwa ya kurithi, na vyuo vyetu viziandikishe koo kama yetu katika utafiti.

Mdogo wetu wa mwisho anaoa Desemba. Ameniuliza kama apimwe kwanza, nami sina mtu wa kumpeleka kwake.

Msomaji wako,
Jinja